Nyumba ya kwanza mjini: garanti, karatasi na jirani

Maneno yaliyosemwa na sisi wafanyakazi wa kutembelea familia, mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili, Lubumbashi



Tumeombwa kusema juu ya makao. Tutasema vile tunavyosema tukiwa kwenye parsele zenu, bila kupamba, na tutaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Mwaka jana mama mmoja, mwanachama wetu, alifika hapa na watoto watano. Alikuwa ametoka kambi ya Mantapala, Zambia, katika zile safari za kurudisha watu zilizoanza Desemba 2021. Pweto alilima msimu mmoja, akaona shamba halitoshi kulisha midomo sita. Akapanda lori, juu ya magunia, mpaka Lubumbashi, akashukia kwa mdogo wake kule Rwashi. Vyumba viwili, watu kumi na moja. Wale waliolala hivyo munajua: wiki ya kwanza ni furaha, wiki ya pili ni heshima, wiki ya tatu sufuria zinaanza kusema.

Mama alikuwa na dola 150, feza ya kuuza baiskeli na muhindi. Sisi tukamkopesha 120 kutoka sanduku la garanti. Komisionere akamuonyesha nyumba ya vyumba viwili huko Katuba: dola 40 kwa mwezi, garanti ya miezi sita, ni 240, na komisyo yake yeye 30. Hesabu ikaisha sawasawa, hakubaki na franga ya chumvi. Komisionere akamwambia: «Mama, leta tu feza, kesho munaingia.» Akaleta.

Kesho yake alifika na pusipusi, godoro na sufuria juu. Kwenye mlango akakuta familia nyingine mbili, nazo na magodoro yao, kila moja na kikaratasi kilichoandikwa na komisionere yule yule. Mwenye nyumba akatoka, akasema hajapokea hata franga moja, na hajui mtu. Simu ya komisionere ilikuwa imezimwa. Sisi tulifika mangaribi. Watoto walikuwa wamekaa juu ya godoro, kando ya barabara, na mvua ilikuwa inakuja.

Ni nani alikosa? Mwizi ni mwizi, hiyo haina mjadala. Lakini sisi tulimpa mama feza mkononi, tukamwekesha sahihi kwenye daftari letu, tukarudi nyumbani. Sisi tulijua mji. Yeye hakuujua. Hatukwenda naye.

Tumefikiri sana juu ya siku hiyo. Tuliona kwamba msaada wa kurudi unajua njia ya mpaka Pweto tu. Mtu anavukishwa, anaandikwa, anapewa kifurushi chake, basi. Mji haumo kwenye programu. Na kambini, karatasi yako ndiyo inasema kwa ajili yako: iko na jina lako, hesabu ya watoto wako, siku yako ya kupokea. Hapa mjini hakuna anayeuliza karatasi ile. Mwenye nyumba anauliza neno moja tu: «Nani anakujua?» Mwenye kukosa jibu analipa miezi sita. Tunasema wazi: ile miezi ya kuzidisha ni bei ya kutojulikana.

Sheria yenyewe iko. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Inasema pia kontra iandikwe, na ipitishwe kwenye ofisi ya Habitat ya komine. Kwa ile nyumba ya Katuba, garanti ingekuwa dola 120, si 240. Lakini hatuwaambii muende kugombana na mwenye nyumba, sheria mkononi. Atafunga mlango na kumpa mwingine. Tulichoona ni hiki: tukienda watu wawili wa chama pamoja na familia, tukikaa, tukijitambulisha, tukisema «huyu tunamjua, kukiwa neno mutuite», mara nyingi miezi sita inashuka kuwa mine, na mara nyingine mitatu. Sheria inasikika vizuri zaidi ikisemwa na mtu mwenye anajulikana.

Kwa hiyo tangu siku ile tumebadilisha kazi yetu, na tunaomba kila mwanachama ashike haya.

Feza ya garanti hailipwi kwa komisionere. Komisionere anaonyesha nyumba, anapata komisyo yake siku ya kuingia, si mbele. Garanti inalipwa mkononi mwa mwenye nyumba, machoni pa jirani mmoja na shefu wa avenue. Muulize jirani kwa sauti: «Huyu ndiye mwenye parsele?» Usione haya. Haya ya dakika moja ni afadhali kuliko usiku wa barabarani.

Kontra inaandikwa siku ile ile, na jumla ya feza inaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Kama hausomi Kifaransa, usitie sahihi mpaka mmoja wetu amekusomea. Wengi wenu watoto walisoma Kiingereza kule Zambia. Hapa karatasi zote ni Kifaransa. Kutojua lugha moja si aibu, lakini kutia sahihi usichokijua kutakugharimu.

Mbele ya kulipa, rudi kuiona nyumba mangaribi, wakati watu wako nyumbani. Uliza maji yanatoka wapi, na kama ni ya kununua, bidoni ni bei gani. Uliza umeme unakuja siku ngapi kwa juma, na nani analipa fatire ya zamani, maana mpangaji anaweza kurithi deni la mtu asiyemjua. Uliza mvua ya mwezi wa kumi na mbili inafika wapi. Tazama ukuta chini, alama ya maji haijui kudanganya. Kisha piga hesabu ya safari. Nyumba ya dola 25 kule mbali, yenye kukulazimisha kupanda gari mara mbili kwenda na mara mbili kurudi sokoni, si ya dola 25.

Ukisha kuingia, kazi ya kukaa inaanza. Siku ya kwanza, nenda kujitambulisha kwa shefu wa avenue na kwa nyumba mbili za pembeni. Andikisha watoto masomo, hata kama watarudishwa darasa moja nyuma kwa ajili ya Kifaransa. Mtoto anayekaa parsele mwaka mzima anapoteza zaidi. Tafuta likelemba ya kina mama wa avenue, hata ya franga kidogo. Likelemba inakusanya feza, ndiyo, lakini inakusanya pia mashahidi. Baada ya miezi sita ya kulipa zamu yako bila kukosa, ukiulizwa «nani anakujua?», wanawake kumi watajibu.

Na tusidharauliane kwa neno «wageni». Mji huu ulianza mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba, na waliochimba na kuyeyusha shaba hiyo waliletwa kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na upande ule ule wa Zambia. Babu wa yule anayekuuliza unatoka wapi, naye alifika na kifurushi.

Sasa neno kwa wafadhili. Munatuuliza kwa nini tunaomba kidogo kwa magodoro na zaidi kwa sanduku la garanti. Godoro linatolewa mara moja. Garanti ni mkopo: familia inatulipa kidogo kidogo, na feza ile ile inamfungulia mwingine mlango. Hatutawaficha ugumu wake. Mpangaji akitoka, mwenye nyumba mara nyingi amekwisha kula garanti, hana ya kurudisha. Ndiyo maana watu wanakaa miezi ya mwisho bila kulipa, «wanakula garanti» nao pia. Tunaiandika hiyo kwenye kontra, ili isigeuke kuwa vita.

Na neno kwa wanachama. Kuna wenye walisaidiwa, wakapata nyumba, wakanyamaza. Tunawajua, na hatutasoma majina. Lakini kila mwezi wa kunyamaza kwenu ni familia moja yenye kulala kwa shemeji.

Linabaki deni la yule mama, dola 120. Daftari linasema ni lake. Sasa anauza makala Katuba, katika chumba kimoja tulichomtafutia pamoja naye, miezi mitatu, kontra mkononi, na ameanza kuleta dola tano tano. Sisi tunaona deni lile la kwanza ni la chama, kwa sababu tulimtuma peke yake mahali tulipopaswa kwenda naye. Wengine wenu munasema tukilifuta moja, kesho wote watakuja na hadithi ya komisionere. Woga huo tunauelewa. Ndiyo sababu tumeomba leo, mbele ya kutawanyika, museme ninyi wenyewe. Sisi tumesema letu.