Ukishanunua Printa, Mwenye Amri ni Nani?



Leo tuzungumze habari ya wino wa printa. Najua kuna atakayeuliza, hilo nalo ni jambo la haki? Naam, ni la haki. Wangapi kati yenu wana saiba, ama duka dogo la kuchapisha fomu na CV? Nyinyi ndio linawahusu kwanza.

Swali ni hili: ukishalipia kitu kwa pesa zako, ni nani wa kukiamrisha?

Septemba 2016, watu wengi wenye printa za HP waliona mashine zao zimekataa katriji. Hazikuwa zimeharibika. Ndani yake mlikuwa na programu ya kukagua chipu ya katriji, na ikikuta chipu si ya HP, kazi hakuna. Katriji iliyochapisha jana, leo haifai! Watu wakapiga kelele, na mwezi huo huo kampuni ikaomba radhi na kuahidi programu ya kuondoa kizuizi. Lakini mtindo wenyewe haukuisha. Mwaka 2020, Italia iliitoza HP faini ya euro milioni 10, manake wanunuzi hawakuelezwa wazi kuhusu vizuizi hivyo.

Kwa nini wafanye hivyo? Kampuni zasema ni kulinda ubora na usalama. Sawa, tumewasikia. Lakini tusisahau kwamba printa nyingi huuzwa rahisi, halafu faida ikatafutwa kwenye wino. Ukinunua wino kwa mwingine, faida hiyo imewaponyoka.

Kuna kesi moja muijue. Kampuni ya Lexmark iliuza katriji kwa bei ya punguzo, kwa sharti uzitumie mara moja na usimrudishie mwingine ila wao. Impression Products, kampuni ndogo ya West Virginia, ikawa yauza katriji kama hizo zikiwa zimejazwa upya. Ikashtakiwa. Tarehe 30 Mei 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema: mwenye hataza akishauza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha.

Ushindi, sivyo? Ndiyo, lakini hebu angalieni vizuri. Mahakama haikukataza chipu. Kile ambacho sheria imekuruhusu, mashine yaweza bado kukukatalia. Kufuli imetoka kwenye karatasi ikaingia ndani ya printa, na huko hakuna wakili wa kukutetea.

Sisi hapa Kenya tuna Kifungu cha 46 cha Katiba. Mnunuzi ana haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika na bidhaa kikamilifu, na maslahi yake ya kiuchumi yalindwe. Basi itumieni:

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: yakubali wino wa kampuni nyingine? Akisema ndiyo, mwambie aandike kwenye risiti.

Printa ikikuomba apdeti, usibonyeze "kubali" kabla ya kusoma.

Piga hesabu ya wino wa mwaka mzima, si bei ya mashine peke yake. Ulizia pia zile za tangi, unazomimina wino kwa chupa.

Ukidanganywa, usinung'unike kando. Peleka malalamiko Mamlaka ya Ushindani, na risiti yako mkononi.

Asiyeuliza huuziwa kufuli akidhani ni mashine. Ulizeni, vijana.