Kilo 10 za mbolea: kumwaga ao kuweka kwenye shimo?

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya wanachama kule Baraka, kabla ya musimu A)



Kamati ilituomba tuongee juu ya mbolea ya dukani, kwa sababu mifuko imefika na kila nyumba itapata kilo 10 za NPK 17-17-17. Basi tuingie moja kwa moja kwenye swali ambalo mama wengi wanatuuliza njiani: ile mbolea tunaitia namna gani?

Kumwaga ni kazi nyepesi. Unatembea, unarusha kama mtu anayelisha kuku, na kabla jua halijakuwa kali umemaliza. Mwenye mifuko mingi na shamba la tambarare anaweza kufanya hivyo. Lakini wewe uko na kilo 10. Tupige hesabu pamoja. Ukizimwaga kwenye shamba la metre 50 kwa 50, kila metre moja ya mraba inapata gramu 4 tu. Hiyo haijazi hata kizibo cha chupa. Na ile kidogo, majani yanakula pia, tena yanakula mbele ya mahindi. Kwenye miteremko ya huku kwetu, mvua kubwa ya kwanza inabeba sehemu yake mpaka ziwani. Samaki wa Tanganyika hawajatuomba mbolea.

Kuna sababu ingine, na hii iko chini ya udongo. Fosforo, ile inayosaidia mizizi, haitembei sana. Pale umeiweka ndipo inabaki. Udongo mwekundu unaishika kwa nguvu, na ukiitawanya nyembamba inashikwa karibu yote. Ukiikusanya mahali pamoja, karibu na mzizi, mmea unaifikia mapema.

Kwa hiyo, kwa kilo 10, sisi tunachagua shimo. Vuta kamba, acha sentimetre 75 kati ya mistari na 50 kati ya shimo na shimo. Chukua kizibo cha Primus ao cha Fanta, kijaze, ukisawazishe kwa kidole, pasibaki mlima. Hiyo ni karibu gramu 5. Mwaga ndani ya shimo, funika kwa udongo wa vidole vitatu hivi, kisha weka mbegu mbili za mahindi na ufunike tena. Ule udongo wa katikati musiusahau hata kama muko na haraka: mbolea ikigusa mbegu inaiunguza, na utasema mbegu ilikuwa mbovu.

Kilo 10 zinatosha shimo 2.000, maana yake shamba la metre 30 kwa 25. Tunajua wengi watasema ni padogo. Ni padogo kweli. Sehemu inayobaki panda muhogo, ao lima kama siku zote bila mbolea ya dukani. Usiinyooshe mbolea ili kila mmea uonje.

Kazi ya shimo ni nzito, hatutadanganya mtu. Mama mmoja peke yake, mtoto mgongoni, atachoka. Ndiyo maana tunaomba mufanye kwa zamu, watu watano ao sita kwa shamba moja: mmoja anavuta kamba, wawili wanachimba, mmoja na kizibo, anayebaki na mbegu.

Kama utapata pesa ya urea baadaye, ngoja mahindi yafike kwenye goti, palilia kwanza, na udongo uwe na maji. Weka pembeni ya shina, umbali wa kiganja, ufunike. Urea ikiachwa juu na jua likapiga, sehemu inapanda hewani. Na usiichanganye na majivu, itapotea vilevile. Maharagi hayana haja ya urea: mizizi yao inajitafutia azoti yenyewe. Yape nusu kizibo cha NPK wakati wa kupanda, inatosha.

Sasa tuseme jambo ambalo kwenye mafunzo halisemwi sana. Wengi hapa hamulimi shamba lenu. Mulirudi mukakuta mtu mwingine pale baba alikuwa analima, kesi bado iko kwa shefu, na mumekodi kwa musimu mmoja. Hapo namna ya kutia mbolea inakuwa pia swali la haki. Mbolea ya kwenye shimo, sehemu kubwa ya faida yake unaivuna wewe, musimu huu. Mavi ya mbuzi na ya ng'ombe yakitandazwa shamba nzima, yanatengeneza udongo kwa misimu mingi, na ni kitu kizuri sana. Lakini kila mwaka tunasikia ileile: familia imebeba ndoo kwa ndoo, udongo umenona, na mwenye shamba amekumbuka kwamba analihitaji.

Basi kwenye shamba la kukodi, mavi pia yaingie kwenye shimo, konzi moja moja, yakiwa yameoza vizuri. Ya kutandaza pelekeni kwenye kiwanja cha nyumba, pale hakuna wa kuwafukuza. Na kama unataka kutandaza kwenye shamba la mtu, kaa naye kwanza mbele ya shefu na mashahidi wawili, muandike misimu mingapi utabaki. Isipungue 3. Kamati iko na watu wanaojua kuandika karatasi hiyo. Waombeni kabla ya kubeba ndoo ya kwanza.

Jumamosi tutakuwa kwenye shamba la chama, saa mbili asubuhi. Mulete kamba, jembe na vizibo. Mistari minne tutamwaga, mistari minne tutaweka kwenye shimo, mbolea ileile, kipimo kilekile. Mahindi yakifika kwenye goti, kila mtu atakuja kuangalia kwa macho yake.