Akaunti ya Msimamizi Si ya Kila Mtu
Mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands



Kwenye saiba ya mtaani, kiti kimoja hukaliwa na wengi. Huyu anaomba cheti cha polisi kwenye eCitizen, yule anajaza ritani za KRA, anayefuata ni mwanafunzi wa HELB. Kompyuta ikiwa imeachwa kwenye akaunti ya msimamizi, kila anayeketi anaweza kuzima kinga ya virusi au kuweka programu inayonakili kila herufi inayochapwa. Wala si lazima awe mwizi. Faili mbovu kwenye flashi hupata uwezo wa akaunti iliyoifungua, na atakayeketi baadaye huacha nenosiri lake hapo bila kujua.

Kinga ya kwanza haina gharama. Windows ina akaunti ya msimamizi na akaunti ya kawaida. Mteja apewe ya kawaida: atajaza fomu na kuchapisha, lakini akitaka kubadilisha mipangilio ya mashine nzima ataombwa nenosiri la msimamizi. Mfanyakazi vivyo hivyo. Hata mwenye saiba aitumie ya msimamizi anapoihitaji tu. Usumbufu upo, ila ni mdogo kuliko kupoteza akaunti ya eCitizen.

Akaunti ya kawaida haizuii kila kitu. Nenosiri lililohifadhiwa kwenye kivinjari hubaki palepale, kwa hivyo mteja akatae kulihifadhi na atoke kwenye akaunti yake kabla ya kuinuka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Mkazi ana haki ya kuuliza zinalindwaje.