Mtu Bila Daftari Hupotea Bila Habari

(Mazungumzo ya karani mkuu mstaafu wa mahakama, mbele ya wajumbe wa kamati za haki na amani za makanisa)



Mlinialika niseme juu ya kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, kazi ya karani mkuu katika masijala ya kesi za jinai. Yamkini mlitarajia kusikia habari za majaji na mawakili, maana hao ndio watajwao magazetini. Mimi nitasema juu ya karatasi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wao waliwaza biashara. Masijalani nilijifunza kuwa methali hiyo ni kweli zaidi juu ya binadamu. Mtu aliyekamatwa ambaye jina lake halikuandikwa popote, huyo amepotea. Na yule ambaye habari zake zimeandikwa kwa uongo amepotea vilevile.

Nianze na kazi yenyewe. Kabla mtu hajafika gerezani hupitia karatasi nyingi. Polisi humwandika katika kitabu cha matukio, ambacho sote twakiita OB. Kisha huandikwa hati ya mashtaka. Mahakamani karani hufungua jalada, huipa kesi nambari, hutia tarehe katika rejista, na hutayarisha hati ya rumande au hati ya kifungo. Hakimu hutia sahihi, mara nyingi jioni, rundo zima kwa wakati mmoja. Mkuu wa gereza hamwulizi mfungwa ana haki gani, huisoma hati. Karani akikosea tarehe moja tu, mtu hukaa rumande majuma ambayo hakuna hakimu aliyeyaamuru, wala hapatikani mtu mwovu wa kulaumiwa.

Lakini kazi nzito kuliko zote ni ile ya ulimi. Katika mahakama zetu za chini karani ndiye mkalimani. Hakimu huandika kwa Kiingereza, mshtakiwa husema kwa lugha ya mamake, na katikati yao yuko karani. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza jinsi mtu anavyopaswa kuulizwa kama akubali shtaka au alikana. Shtaka lisomwe na kuelezwa katika lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe, kwa kadiri iwezekanavyo, katika maneno yake mwenyewe. Akikubali, kiongozi wa mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza neno. Akiongeza neno linaloonyesha kuwa hakukubali kweli, basi iandikwe kuwa amekana. Sheria ni nzuri. Uzito wake wote, hata hivyo, umekaa juu ya ulimi wa karani.

Sasa niwaambie kisa kimoja, nami nakisema kama mtu anayeungama.

Ilikuwa katika miaka ya 1980, wakati wa kesi za Mwakenya. Mnakumbuka jinsi watu walivyokuwa wakichukuliwa usiku na askari kanzu, wakawekwa mahali pasipojulikana na jamaa zao, kisha wakaletwa mahakamani bila wakili na kukubali makosa ya uchochezi. Siku moja jioni, wakati wenzangu walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani, niliitwa nirudi. Kijana mmoja alikuwa kizimbani, ameshika ukingo kwa mikono yote miwili. Nilimsomea shtaka katika lugha yake. Akanyamaza. Nikamwuliza tena: ni kweli, au si kweli? Akaniangalia mimi, si hakimu, akasema kwa sauti ndogo: "Ni kweli, ikiwa mwasema hivyo, maana siwezi kurudi kule usiku huu."

Nami nikamgeukia hakimu nikasema: "Ni kweli."

Maneno mawili. Yaliyosalia niliyameza. Hakuna aliyeniamuru kuyameza. Askari kanzu walikuwa wamesimama mlangoni, nami nilikuwa na watoto wanne na karo ya shule. Hakimu aliandika, kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo yake, na kabla ya giza kuingia nilikuwa nimekwisha kuandika hati ya kifungo kwa mwandiko wangu mzuri ambao wakubwa walikuwa wakiusifu.

Ndugu zangu, fahamuni uzito wa maneno yale niliyoyameza. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai yasema kuwa mtu aliyekubali kosa hana rufani, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Laiti ningaliyasema yote, hakimu angalilazimika kuandika kuwa shtaka limekanwa, na kesi ingalisikizwa. Baada ya siku chache mama yake alikuja dirishani pa masijala kutafuta nakala ya kesi, maana siku za kukata rufani ni 14 tu. Nilimwambia, "Mama, mwanao alikubali." Akaniuliza, "Bwana karani, ni nani aliyemsikia akikubali?" Sikumjibu. Aliyemsikia nilikuwa mimi, peke yangu.

Wako watakaosema kuwa hayo ni makosa ya mtu mmoja mwoga. Ni kweli. Lakini tazameni jinsi utawala wa wakati ule ulivyowategemea waoga wenye mwandiko mzuri. Hata kizuizi bila mashtaka kilikuwa na karatasi zake. Katiba ya zamani iliagiza kuwa aliyewekwa kizuizini apewe sababu kwa maandishi katika muda usiozidi siku 5, jina lake litangazwe katika gazeti rasmi la serikali katika muda usiozidi siku 14, na kesi yake itazamwe na baraza la uchunguzi kabla ya mwezi kupita, kisha kila miezi 6. Yote hayo yalikuwamo. Ila serikali haikulazimika kufuata ushauri wa baraza hilo. Basi karatasi zilijazwa, tarehe zilitimizwa, na mtu alibaki ndani. Na wakili Gibson Kamau Kuria, alipochukua hatua ya kuwapeleka mahakamani waliomteswa wateja wake, yeye mwenyewe alitiwa kizuizini mwaka 1987.

Kuna na jambo la pili. Mwaka 1989 ilitamkwa katika Mahakama Kuu kuwa kile kifungu cha 84 cha Katiba, kilichompa raia ruhusa ya kudai haki zake mbele ya jaji, hakingeweza kutumika, kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kukitumia. Fikirini hilo. Haki zote za Wakenya zilifungiwa nje kwa kukosa kurasa chache za kanuni! Kanuni hizo zilipatikana mwaka 2001. Leo, kwa kanuni za mwaka 2013, mtu aweza kupeleka malalamiko ya haki zake hata kwa barua, au kwa mdomo. Hayo ni matunda ya mageuzi, wala tusiyadharau. Vilevile sheria ya uchochezi na mamlaka ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka viliondolewa katika mapatano ya vyama mwaka 1997, baada ya damu ya watu wengi kumwagika barabarani.

Mtaniuliza: kama karatasi zaweza kusema uongo namna hii, kwa nini unatuhimiza tuziamini? Sisemi mziamini. Nasema mziandike na ninyi, na mzitunze, kwa sababu karatasi moja ya kweli huweza kuingoja haki miaka mingi kuliko mtu awezavyo kuishi.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 waliokuwa kizuizini walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Lakini maiti zilipochunguzwa ilidhihirika kuwa walikufa kwa kupigwa. Wakoloni walipoondoka walisafirisha faili nyingi hadi Uingereza wakazificha. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wetu huko London, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa inazo. Makarani wa kambi zile, walioandika kwa ajili ya mabwana zao, walikuwa wameandika ushahidi bila kujua. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wengine wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Msidhani hayo ni ya zamani tu. Mwezi Juni 2025 kijana mwalimu, aliyekamatwa kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, alifia mikononi mwa polisi jijini Nairobi. Ilisemwa kuwa alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopasua maiti walisema majeraha yale hayakuwa ya mtu aliyejigonga. Mwaka 1959 yalilaumiwa maji, mwaka 2025 ukalaumiwa ukuta, na mara zote mbili ilikuwa karatasi ya daktari iliyokataa kuinama.

Tena kuna jambo baya kuliko OB yenye uongo, nalo ni mtu asiyeandikwa katika OB yoyote. Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema imepokea habari za watu 82 waliotekwa tangu Juni mwaka ule, wakati vijana walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha. Walichukuliwa kwa magari yasiyo na alama, na jamaa zao walipozunguka vituoni waliambiwa kuwa jina hilo halimo. Mimi niliposikia hayo nilimkumbuka yule mama dirishani. Yeye angalau alikuwa na dirisha la kuendea.

Kwa hiyo, badala ya kuwaachia huzuni, nawaachia kazi. Kila kanisa, kila kamati, iwe na daftari lake na karani wake. Mtu akikamatwa, karani wenu aandike papo hapo saa, mahali, nambari ya gari, na majina ya walioona. Aende kituoni aombe nambari ya OB. Akikataliwa, aandike ni nani aliyekataa na ni saa ngapi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema mtu afikishwe mahakamani katika muda usiozidi saa 24. Saa hizo zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, afikishwe siku inayofuata ya kazi. Ndiyo sababu wakamataji huipenda Ijumaa jioni. Msipoandika saa ya kukamatwa, polisi watawaandikia.

Akiwa ameumizwa, mwombeeni fomu ya P3 na daktari wa kuijaza mapema, kabla majeraha hayajapona. Mkitoa dhamana ya pesa, daini risiti, maana pesa hizo ni zenu na hurudishwa. Akiwa hajulikani aliko, mwoneni wakili siku hiyo hiyo aiombe Mahakama Kuu ile amri iitwayo kwa Kilatini habeas corpus, ya kumtaka aliyemshika amlete mbele ya jaji. Kifungu cha 25 cha Katiba kimeiweka amri hiyo pamoja na haki ya kutoteswa, miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Na mkienda kusikiliza kesi, msikae tu kumwangalia hakimu. Keti karibu, sikiliza anachosema mshtakiwa kwa lugha yake, kisha sikiliza anachosema mkalimani. Mkiona neno limemezwa, mwambieni wakili wake. Kama hana wakili, yaandikeni maneno yote mawili, pamoja na tarehe na nambari ya kesi. Jioni ile niliyowasimulia, lau angalikuwapo mzee mmoja wa kanisa katika benchi la nyuma, mwenye kalamu na anayeijua lugha ile, nisingalithubutu.

Wako pia miongoni mwenu walio na watoto makarani, askari wa dawati, wauguzi wa zahanati za magereza. Msiwaambie waache kazi. Waambieni waandike lililo kweli, kwa saa yake. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, liwali Festo, ambaye hakuwa mwamini wala mtetezi wa mtu, aliona si jambo la akili kumpeleka mfungwa Paulo kwa Kaisari bila kueleza mashtaka yake. Ikiwa liwali wa Kirumi aliona haya kutuma mtu bila maandishi, sisi wana wa Kenya huru tutaona nini?

Yule kijana sikumwona tena, wala sijui kama mama yake yu hai. Lile jalada lilikwisha kupelekwa ghalani zamani, nami najua ukurasa wake wa kwanza wasemaje. Basi naomba mliandike hili katika daftari lenu, pamoja na tarehe ya leo: kwamba mshtakiwa hakusema maneno mawili tu, na kwamba karani aliyasikia yote.