Kabla ya Kumnunua Kenge



Mnunuzi wa kenge mara nyingi hulalamika kwamba mnyama alikuwa mpole dukani, na alipofika nyumbani akawa mkali. Sisi twaona kwamba upole ule haukuwa upole. Kenge hupata joto la mwili kutoka nje. Akiwekwa mahali pa baridi huzubaa, na muuzaji huweza kuuita uzubavu huo mazoea. Akipata joto la kutosha hujitokeza alivyo: huzunguka akitoa ulimi wenye ncha mbili kunusa hewa, huchimba, hujificha. Akitishwa huuvimbisha mwili, hupuliza kwa sauti kama nyoka na kupiga mkia. Anaomba aachwe. Asiyemsikiliza huumwa.

Tumchukue kenge wa savana, ambaye huuzwa sana Marekani na Ulaya. Wengi husafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin wangali wachanga wa kulala kiganjani. Wakikua hukaribia urefu wa mita 1. (Waswahili husema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Katika maduka hayo huweza kuwamo pia mtoto wa kenge wa Nile, ambaye hupita mita 2, na ambaye kizazi chake sasa kimeenea porini Florida.) Kwao Afrika Magharibi, kenge wa savana hupitisha sehemu kubwa ya kiangazi amejificha, na mvua zinyeshapo hutafuta nyenje, jongoo na konokono. Kwa hiyo kasha la kioo lililotandikwa magazeti halimfai. Ahitaji udongo wenye kina, mahali pa kuotea joto kali, na upande wenye ubaridi. Nao panya wanono wa kila siku humnenepesha hata akafa mapema. Hapo ndipo wengi hupoteza mnyama na fedha.

Muulizeni muuzaji ametoka wapi. Jibu kwamba “amezaliwa shambani” lisiwatosheleze, kwani huenda jike mwenye mayai alikamatwa porini. Kenge wote wamo katika orodha za mkataba wa CITES. Ombeni kuziona hati. Kila amshikaye na anawe kwa sabuni, maana reptilia hubeba salmonela, na watoto walio chini ya miaka 5 wasimguse kabisa.

Mwisho, mwombeni muuzaji ampashe joto mnyama na kumlisha mbele yenu. Akikataa, ondokeni.