Jina la Mwanao Mwilini: Tazama Sindano Kwanza

(Mazungumzo ya afisa wa afya ya umma na wazazi wa Mji wa Kale, Mombasa)



Mzazi akitaka kuchorwa jina la mwanawe mkononi, hilo ni pendo lake. Tunachomuomba ni amtazame mchoraji kabla ya kutazama mchoro.

Tatuu ni sindano inayotoboa ngozi na kuingiza wino ndani. Sindano iliyotumiwa kwa mwingine inaweza kukuambukiza homa ya ini aina ya B au C, hata virusi vya Ukimwi. Kuifuta kwa spiriti hakutoshi. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, wino umiminwe kwenye kikombe kipya, glavu ziwe mpya. Mchoraji akikataa, ondoka.

Watoto wetu huchanjwa homa ya ini B wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Sisi wazazi wengi hatukuipata chanjo hiyo. Iulizie hospitalini kabla ya kuchorwa.

Asiyetaka alama ya kudumu ana hina yetu ya majani, ambayo hufifia baada ya wiki mbili hivi. Piko si hina. Ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD, na inaweza kuchoma ngozi na kuacha kovu. Aliyedhurika nayo utotoni huenda asiweze kupaka rangi ya nywele ukubwani. Msiwapake watoto piko, hata siku ya Idi.

Malengelenge yakitoka, osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.