Aliyeshinda Naye Atoe Hesabu

Somo: Luka 19:1–10

Twawasalimu nyote mlioko majumbani, na ninyi mlio njiani na redio zenu mkononi. Wako ndugu zetu ambao salamu hii haiwafikii kwa redio, nao ni viziwi. Wao watayasoma maneno haya yatakapochapwa gazetini, na kwa kuwa habari yenyewe ni yao, twawaomba ninyi mnaosikia muwapelekee nakala.

Mjini Washington, Marekani, kiko chuo kikuu cha viziwi kiitwacho Gallaudet. Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kukipa uwezo wa kutoa digrii mwaka 1864. Sisi wa Afrika tuna deni nacho. Andrew Foster, mtu mweusi wa kwanza kupata digrii hapo, mwaka 1954, alikuja Ghana mwaka 1957 akafungua shule ya viziwi, kisha akafungua nyingine katika nchi nyingi za bara letu, akiihubiri Injili kwa mikono yake. Alifariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda, Desemba 1987.

Miezi mitatu baadaye, Machi 1988, chuo chake kiliingia katika mgomo. Tangu kuanzishwa hakikuwa kimeongozwa na kiziwi hata mara moja. Walipobaki watu watatu wa kuchaguliwa kuwa mkuu, wawili walikuwa viziwi na mmoja mwenye kusikia. Halmashauri, ambayo kati ya wajumbe wake 21 viziwi walikuwa 4 tu, ikamchagua huyo mwenye kusikia, naye lugha ya ishara hakuijua. Wanafunzi wakafunga malango. Walidai mambo manne: mkuu awe kiziwi, mwenyekiti wa halmashauri aondoke, viziwi wawe wengi katika halmashauri, na mtu yeyote asiadhibiwe kwa sababu ya mgomo. Kwa muda wa juma moja tu walipata yote manne. I. King Jordan akawa mkuu wa kwanza aliye kiziwi. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi, na yastahili.

Iliyofuata haisimuliwi sana. Mwaka 2006 Jordan alikuwa anakaribia kustaafu, na mnamo Mei halmashauri ikamteua Jane Fernandes, aliyekuwa msaidizi wake mkuu, ashike mahali pake. Mama huyu ni kiziwi tangu kuzaliwa, lakini alilelewa kwa kusema na kusoma midomo. Lugha ya ishara alijifunza akiwa mtu mzima. Wengi wakapinga. Walisema njia ya kumchagua haikuwa wazi, na kwamba msomi mmoja mweusi aliye kiziwi, ambaye zamani alikuwa mwenyekiti wa halmashauri hiyohiyo, hata hakufikishwa kwenye orodha ya mwisho. Mwenyewe aliona kwamba anakataliwa kwa kuwa si kiziwi wa kutosha. Wenye mgomo walikana. Sisi tulio mbali hatuwezi kupima mioyo, lakini twajua jinsi inavyouma mtu akiambiwa na jamaa zake kwamba yeye si wao kamili.

Oktoba malango yakafungwa tena. Usiku wa Ijumaa tarehe 13, polisi waliwakamata watu zaidi ya 130, na aliyeruhusu wakamatwe ni Jordan, mkuu yuleyule ambaye mgomo wa 1988 ulimpa kiti. Walimu wengi wakapiga kura ya kumkataa Fernandes. Jumapili tarehe 29 halmashauri ikautangua uteuzi wake. Wanafunzi wakashangilia.

Basi, wapenzi, hapo kwenye shangwe ndipo tungependa kukaa kidogo. Sisi watu wa Kenya twaijua migomo. Twajua kwamba siku ya vita vya maneno kila mtu ana hoja, bali kesho yake, vioo vikifagiliwa, hoja huwa chache. Ni nani atajibu?

Halmashauri katika tangazo lake ilisema kwamba wale waliovunja sheria na kanuni za chuo watatoa hesabu. Wenye mgomo nao walitaka, kama mwaka 1988, kusiwe na adhabu. Pande zote mbili zilisema neno lenye haki ndani yake, na kila upande ulilisema kwa ajili ya upande mwingine! Halmashauri ilitaka wanafunzi wajibu. Wanafunzi walitaka halmashauri ijibu.

Twaona ni lazima tutofautishe kisasi na hesabu. Anayeomba asilipiziwe kisasi aomba jambo la haki, hasa akiwa mnyonge mbele ya mwenye cheo. Lakini hilo halimpi ruhusa ya kunyamaza akiulizwa alifanya nini. Na kusema kweli, mwanafunzi aliyeketi langoni usiku ule uso wake ukionekana, akangoja polisi wamchukue, alikuwa ameanza kutoa hesabu kwa mwili wake mwenyewe. Huyo twamheshimu. Ni tofauti kabisa na yule ambaye katika mgomo wowote hutupa tusi akiwa gizani, asubuhi akaenda darasani kama kondoo.

Tena ndani ya ua huohuo wa Gallaudet iko shule ya watoto wadogo viziwi, iitwayo Kendall. Mtoto wa miaka saba hakupigia mtu kura. Lango likifungwa, hata kwa sababu njema, mtu mmoja aende kwa wazazi wake aseme: Ni mimi niliyefunga.

Na halmashauri je? Iliteua mwezi wa Mei, ikatangua Oktoba. Kubadili uamuzi si kutoa hesabu. Kama njia ya uchaguzi ilikuwa sawa, kwa nini iliutangua? Kama haikuwa sawa, mbona aliyeipoteza kazi ni yule mama, ambaye hakuitengeneza njia hiyo? Kitabu cha Walawi, sura ya 19, chakataza kumlaani kiziwi. Twadhani sababu yake ni hii: laana hiyo atupiwa mtu asiyeweza kuisikia, basi hana njia ya kuijibu. Uamuzi ukifanywa mlango umefungwa, hata na watu waungwana, wafanana nayo.

Mtazameni Zakayo. Yesu alipoingia nyumbani mwake hakumwuliza habari ya kodi. Umati ndio uliokuwa ukinung'unika. Zakayo akasimama mwenyewe akataja hesabu kwa tarakimu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Hakusema kwamba makosa yalifanyika. Msemo huo twaupenda sana katika mikutano yetu, hata ya kanisa, maana makosa yanayojifanya yenyewe hayana mwenyewe.

Chuo kile kilitolewa hesabu na wengine. Robert Davila, aliye kiziwi, mwana wa wafanyakazi wa mashambani wenye asili ya Meksiko, aliingia ofisini Januari 2007. Mwaka huohuo shirika linalokagua vyuo vya eneo lile likakiweka chuo chini ya uangalizi. Watu walikuwa wamegombania ni nani aongoze. Wakaguzi wakauliza pia ni wanafunzi wangapi wanaomaliza masomo yao. Kazi ya kulijibu swali hilo haikuwa na nderemo. Ilikuwa ya vikao na makaratasi, na mwaka 2008 chuo kilithibitishwa tena. Fernandes alikwenda kufanya kazi katika chuo kingine, na mwaka 2014 akawa mkuu wa chuo cha Guilford, huko North Carolina. Mwaka 2016 Gallaudet nacho kikapata mkuu wa kwanza mwanamke aliye kiziwi, Roberta Cordano.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutausoma waraka wa Paulo kwa Filemoni, habari ya mtumwa aliyetoroka na deni ambalo Paulo alitaka liandikwe kwa jina lake yeye. Ni sura moja tu. Isomeni kabla, na aliye na jirani kiziwi akae naye waisome pamoja.